Mama Kofia na Kizibao cha Maneno

Mdomo wa Mama Kofia haukujua likizo. Asubuhi ulitangulia kuamka, na usiku ulichelewa kulala kuliko mwenyewe, maana hata usingizini alisikika akibishana na mtu kuhusu ndoo. Majirani walisema ukitaka kujua kama yuko nyumbani usisumbuke kupiga hodi. Simama tu njiani utege sikio.

Na mdomo huohuo ndio uliompa kazi. Zamani alikuwa dobi wa kliniki ya wajawazito, akifua mashuka yenye habari zisizosimuliwa mbele ya chakula. Ndipo kikaja kituo cha utafiti. Kikapewa vyumba vya nyuma ya kliniki, vikapakwa rangi ya maziwa, vikajazwa mashine na viti vya kuzunguka. Wataalamu wakatangaza kwamba wanachunguza jinsi ubongo wa mtoto mchanga unavyokua, na afya ya mama na mtoto kwa jumla. Hilo la mama walilisema kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetaja mgeni wa pili ambaye hakuandaliwa kitanda.

Walikuja na kofia ya nyaya. Ilikuwa na vifundo vya sponji vinavyolowekwa kwenye maji ya chumvi na sabuni ya mtoto. Ukimvika mtoto kichwani, kompyuta inachora mistari ya kinachoendelea ndani ya fuvu. Tatizo ni kwamba mtoto akiiona tu ile kofia analia mpaka mistari inakuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Dobi akawa anapita na beseni lake. Akachungulia.

"Nyie mnamvalisha au mnamkamata?"

Hakungoja jibu. Aliweka beseni chini, akachukua kofia, akaanza kumwambia mtoto kwamba hiyo ni kofia ya harusi, ila bwana harusi amechelewa kidogo, bado anatafuta meno. Mtoto akanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa raha, na kofia ikaingia. Wiki iliyofuata dobi alikuwa na koti jeupe na jina jipya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto anapakatwa na mama yake mbele ya kioo cha kompyuta. Mama Kofia anavalisha kofia, halafu anatoa mfukoni kichupa cha maji ya sabuni na kijiti chenye pete, anapuliza mapovu. Mtoto anakodolea mapovu, mistari inatulia, wataalamu wanafurahi. Mama naye anapewa maagizo yake matatu, na aliyeyatoa siku zote ni Mama Kofia, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango: "Mama, usiseme. Mama, usicheke. Mama, usimtikise." Basi mama anakaa. Katika chumba kile mama alikuwa kiti chenye maziwa, na sijui ni nani amewahi kukiuliza kiti kimelalaje.

Mwaka wa pili wakaleta kizibao. Kilikuwa kizibao kidogo cha kitambaa laini, kifuani kina mfuko, na mfukoni kuna kinasa sauti kisichozidi kipande cha sabuni. Mtoto anakivaa tangu asubuhi hadi jioni nyumbani kwao, halafu mashine inahesabu maneno ambayo watu wazima wamesema karibu naye. Mtoto anayesemeshwa, walisema, ubongo wake unachipua. Na nyumba itakayoonekana ina maneno machache, nesi atakwenda kumtembelea mama, akae naye, amuulize analala, anakula, analia? Kwa sababu mara nyingi nyumba ikinyamaza, mama ndiye aliyebeba jambo zito.

Mpango ulikuwa mzuri. Ukapita mdomoni mwa Mama Kofia, ukatoka umepinda.

Maana yeye ndiye aliyepeleka vizibao nyumbani kwa watu na kuvirudisha, na kazi ya kuzunguka majumbani bila kusema ulichokiona hakuumbiwa. Pale bombani, ndoo zikisubiri zamu, alikuwa anatoa taarifa.

"Nesi Baiskeli kaegesha kwa fundi saa jana. Mlimwona? Nyumba bubu ile! Mke na mume wanaongea kwa mikono kama polisi wa barabarani. Sasa mtoto atajifunza nini? Kuzuia magari?"

Wanawake wakacheka hadi ndoo zikafurika. Mwezi haukwisha, "nyumba bubu" likawa tusi la mtaa. Afadhali mwenye nyumba aonekane na mgambo mlangoni kuliko baiskeli ya nesi. Mwenyewe nesi, mwanamke mpole mwenye soksi ndefu, alishangaa kwa nini akipiga kengele watu wanafunga madirisha.

Mtaa ukajipanga. Zamu ya kizibao ikifika kwako, unaazima waongeaji. Redio haikufaa, mashine ilikuwa inatofautisha mtu na sanduku. Kwa hiyo muuza mkaa aliyeitwa Kasuku akawa na soko kuliko mkaa wake: akiitwa nyumba hii asubuhi, nyumba ile mchana, anakunywa chai anasema mpaka koo linakauka. Mke na mume walionuniana waliahirisha kununa hadi keshokutwa yake. Fundi saa, baada ya aibu ile, alimpakata mwanawe akamsomea karatasi ya dawa ya minyoo yote, kuanzia "tikisa kabla ya kutumia" mpaka "weka mbali na watoto." Na kule kituoni, Mkuu wa utafiti, mwanamume mwembamba anayetembea na kompyuta kwapani kama mtu anayeogopa kuporwa mkate, akaandika kwamba jamii hii ina utamaduni wa ajabu wa mazungumzo.

Sasa, kila mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mama Kofia alikuwa na mwana mmoja, mchomeleaji wa madirisha na mageti, kijana aliyezoea kelele za mashine hadi akaona kusema ni kazi ya ziada. Kijana huyo alioa fundi cherehani. Siku ya kwanza tu mkamwana huyu aliingia nyumbani, Mama Kofia akamjaribu: "Mwanangu, hivi hiyo sketi umeshona mwenyewe au umeokota?" Msichana akajibu bila kupepesa jicho, "Nimeshona, Mama. Kilichookotwa ni mwanao." Mama Kofia alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo wakawa wawili: huyu anatupa, huyu anadaka, na kijana katikati anakula maharage yake kimya kama mwamuzi.

Halafu akazaliwa mtoto, wa kike, mwenye kichwa kikubwa cha heshima. Bibi alipokiona tu akamwita Profesa. Kwa hiyo baba akawa Baba Profesa, na mkamwana, ambaye hadi juzi alikuwa mtu mwenye jina na cherehani, akawa Mama Profesa.

Na Mama Profesa akaanza kupungua maneno kama sabuni iliyoachwa majini. Kwanza utani ulikwisha. Halafu habari zikaisha. Zikabaki "ndiyo", "hapana" na "sijui". Chakula anagusa anaacha. Mtoto akilia, anamtazama kama mtu anayesikia simu ya mwenzake inaita. Mama Kofia aliona. Macho alikuwa nayo. Ila kila alipoona, mdomo uliwahi kusema: "Uzazi wa kwanza huo, atazoea. Mimi mwenyewe nilizaa leo kesho nikafua." Akisema hivyo anakuwa amejibu swali ambalo hajaliuliza.

Juu ya yote, alikuwa ameshajifunga. Tumbo la mkwewe likiwa bado la miezi mitano, alisimama kituoni akatangaza kwamba mjukuu wake atavaa kofia na atavaa kizibao, na mtaona maneno. Mkuu akafurahi, maana watoto wa kupima walikuwa wamepungua. Sasa mtoto ana miezi mitatu. Kofia alishavalishwa, mama yake alikaa kitini akaambiwa asiseme, asicheke, asimtikise, akatii kuliko mama yeyote aliyewahi kukaa pale. Kikabaki kizibao.

Mama Kofia alifikiria ile nyumba yake na maneno yake matatu. Akaiona baiskeli imeegeshwa kwenye ukuta wake. Akawasikia wanawake bombani. Akaomba ruhusa kazini kwa kusingizia jino, akabaki nyumbani siku ya kizibao.

"Amka, Profesa! Tumeamka! Jua limetoka, limetoka wapi? Dirishani! Dirisha kachomelea nani? Baba! Kachomelea vizuri? Hapana, limepinda! Bibi anamwambia kila siku limepinda!"

Alisema alipomwosha, alisema alipomkausha. Alimtajia vyombo vyote kabatini na historia ya kila kilichovunjika. Alimweleza ugomvi wa mwaka juzi na mwenye nyumba, pande zote mbili, kwa sauti mbili. Mtoto aliposinzia, aliendelea kumsemesha usingizini, maana mashine haikuambiwa isihesabu.

Mama Profesa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Mara moja alifungua kinywa.

"Mama, mimi..."

"Mimi nani?" Mama Kofia akadakia, akamgeukia mtoto. "Mwambie Profesa, mimi nani? Mimi mama! Na huyu? Bibi! Na huyo mwenye kichwa kama tikiti? Profesa!"

Kinywa kikafungwa. Mchana kikajaribu tena.

"Siku hizi naona kama..."

"Naona nini? Naona kikombe! Kikombe cha rangi gani? Cha buluu!"

Hakikujaribu mara ya tatu.

Matokeo yalipotoka, Mkuu aliacha kompyuta mezani, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaja mwenyewe kumshika Mama Kofia mkono. Kwenye chati, kila nyumba ilikuwa na mnara wake. Mnara wa nyumba ya Profesa ulitoka nje ya karatasi, ikabidi waunge karatasi nyingine juu kwa gundi. Wakaibandika ukutani kwa ajili ya wageni wafadhili waliotarajiwa wiki hiyo. Nesi Baiskeli akapewa majina ya nyumba zake za kutembelea. Ya Mama Kofia haikuwemo. Ilikuwa nyumba ya mfano.

Jioni akaingia nyumbani na kanga kiunoni.

"Profesa ameongoza! Mnanisikia? Ameongoza mtaa mzima! Wamesema malezi ya nyumba hii yaigwe."

Baba Profesa akasema, "Vizuri," akaendelea kutafuna. Mama Profesa akainua uso. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya siku nyingi.

"Wamesema hakosi kitu?"

"Akose nini? Wamesema mtoto huyu hana anachokosa!"

Mkamwana akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejumlisha hesabu ikakubali. Usiku ule alilala bila kugeukageuka, na Mama Kofia akajisifu kwamba habari njema ni dawa.

Wageni wafadhili walifika siku ya pili yake, wakiwa na viatu safi na maswali marefu. Mama Kofia alikuwa ameloweka kofia, anamngoja mtoto wa zamu, wakati karani wa mapokezi alipochungulia.

"Mama Kofia, kuna mtoto kaachwa kwenye benchi. Nimeuliza wote, hana mwenyewe."

Alitoka kama moto wa nyasi. Kweli, mwisho wa benchi kulikuwa na kifurushi cha shuka jeupe na mfuko wa nepi pembeni. Wageni wamesimama mlangoni, Mkuu yupo, akina mama wa foleni wapo. Jukwaa limejaa. Mama Kofia alikuwa hawezi kuliacha jukwaa likae bure.

"Ni mama gani huyu asiye na haya? Mtoto anaachwa kwenye benchi kama mwavuli? Ng'ombe mwenyewe hafanyi hivi! Aje hapa, mwanaharamu, aje nimwoneshe jinsi wenzake wanavyolea! Wanawake wa siku hizi kuzaa mnajua, kulea mnataka..."

Akafunua shuka. Pindo la shuka lilikuwa limeshonwa kwa mkono unaojua, mshono mdogo ulionyooka kama uzi wa buibui. Ndani, akiwa ameogeshwa, amepakwa mafuta, kichwa kikubwa kinang'aa, alikuwa Profesa. Alipomwona bibi yake akacheka.

Watu waliokuwepo wanasema hadi leo kwamba walisikia saa ya ukutani. Hawakuwahi kujua kama ile saa ina mlio.

Mama Kofia akamnyanyua mjukuu wake, akapita katikati ya wageni bila samahani, kofia ya nyaya bado inamning'inia mkononi ikidondosha maji ya chumvi njia nzima. Alikimbia. Mwanamke wa mwili ule, na umri ule, alikimbia, na kila aliyemwita njiani hakuitikiwa. Alikuwa anaogopa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mama Profesa alikuwa ameketi kwenye cherehani. Hakuwa anashona. Ameweka viganja juu ya meza ya cherehani, ametulia, amevaa vizuri kama mtu anayesubiri kusafiri. Mama Kofia alishika mlango hadi pumzi ikamrudia.

"Mwanangu. Umemwacha mtoto."

"Nimempeleka kwao."

"Kwao wapi? Kwao si hapa?"

"Kwa wanaojua, Mama." Alisema bila kulia, na hapo ndipo palipotisha. "Siku ya kizibao mimi sikumwambia hata neno. Nawe umesema hana anachokosa. Kama hana anachokosa, na mimi sikumpa kitu, basi mimi simo katika vitu anavyohitaji. Nikaona nisiwasumbue."

"Lakini yale maneno yalikuwa yangu!"

"Najua. Nilikuwepo."

Mama Kofia akafungua mdomo kutafuta la kusema, na kila alilolikuta lilikuwa lilelile la siku zote: uzazi wa kwanza, utazoea, mimi nilifua. Yakakaa kinywani kama mchanga. Akamweka mtoto kitandani, akamtuma mtoto wa jirani akamwite Baba Profesa karakana. Kijana akaja mbio, miwani ya kuchomelea bado ipo kwenye paji la uso.

"Kaa hapa," mama yake akamwambia. "Usimwache mkeo hata kwenda chooni peke yake. Usichomelee kitu, usitengeneze kitu. Kaa tu umshike mkono. Unaweza?"

"Naweza."

"Basi leo ndiyo siku ya kunyamaza kwako kuwa na faida."

Akarudi kituoni. Wageni walikuwa wanapiga picha chati yenye karatasi iliyoungwa. Akamvuta Mkuu pembeni kwa pindo la koti.

"Ule mnara ni uongo. Maneno ni yangu yote. Mkwe wangu hakusema, hali, halali, na leo karudisha mtoto kwenu kama sahani ya jirani. Iandikeni nyumba yangu bubu, nesi aje."

Mkuu akatazama wageni, akatazama chati. "Mama, tuelewane. Kwa upande wa ubongo wa mtoto, maneno ni maneno. Yawe ya bibi, yawe ya nani."

"Na ubongo wa mama yake?"

"Huo..." akakohoa, "huo hauko katika awamu hii."

"Uko awamu gani?"

"Tumeuombea fedha."

Mama Kofia, ambaye kwa jibu dogo kuliko hilo alishawahi kumvua mtu nguo kwa ulimi, hakutukana. Alimtazama tu, akageuka. Baadaye Mkuu alikaa akafikiri, dhamira ikamsumbua kiasi chake, akaongeza nyota ndogo chini ya ule mnara, na chini ya nyota maneno ya kusomwa na sisimizi: "Bibi alikuwepo."

Nesi Baiskeli alikuwa uani akijaza upepo kwenye tairi. Alisikiliza yote bila kuacha kusukuma pampu, halafu akaacha.

"Kwenye orodha yangu hamumo," akasema. "Orodha inatoka kwenye mashine."

"Najua."

"Lakini baiskeli ni yangu." Akafunga kifuniko cha tairi. "Ila mtaa utaniona kwako, Mama Kofia. Wewe ndiye uliyewafundisha waniogope. Ukitaka, nije jioni giza likiingia."

Mama Kofia akatazama njia ya bombani. Miaka miwili ya vicheko pale bombani ilimpita mbele ya macho, kicheko kwa kicheko, na kila kimoja kilikuwa na uso wa mama fulani nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Njoo sasa hivi," akasema. "Na kengele piga."

Wakaongozana, nesi anakokota baiskeli, kengele inalia. Pale bombani ndoo zilisimama. Kasuku akaweka mikono kiunoni, uso unang'aa kama mtu aliyeokota pesa.

"Wenzangu, leo bubu ni nani?"

"Kwangu!" Mama Kofia akajibu hata kabla swali halijatua. "Nyumba bubu ni kwangu mimi! Chekeni haraka, nesi ana kazi."

Lakini mtu aliyejiandaa kukucheka, ukimpa ruhusa mwenyewe, kicheko humkauka. Hakuna aliyecheka. Mke wa fundi saa, ndoo kichwani, akatazama ile baiskeli kwa muda, akasema taratibu, "Nesi, ukitoka hapo upite na kwangu." Wengine wakajifanya hawakusikia, ila masikio waliyasimamisha.

Ndani, nesi alivuta kiti karibu na cherehani, akavua viatu, akakaa kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Baba Profesa alikuwa amemshika mkewe mkono kama alivyoagizwa, ameukamata kama chuma kinachoweza kuanguka.

"Unalala, mwanangu?" nesi akauliza.

"Halali," akajibu Mama Kofia. "Halali kabisa, anageuka usiku kucha kama..."

"Nimemuuliza yeye. Chakula je, kinapita?"

"Anagusa anaacha! Jana nimempikia..."

Nesi akageuza shingo. "Mama Kofia, mfukoni mwako kuna nini?"

Akapapasa koti jeupe. "Kichupa changu cha mapovu."

"Mjukuu wako amelala macho wazi pale. Mpulizie. Na usiache mpaka nikuambie."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachovya kijiti, akapuliza. Hakuna binadamu aliyejaliwa kupuliza na kusema kwa pumzi moja. Mapovu yakapanda, Profesa akayakodolea, miguu ikachezacheza. Nyuma yake kulikuwa kimya. Mama Kofia alijua kimya kile kinahitaji nini; alikuwa na majibu tayari, yamejipanga ulimini kama watu wa foleni. Akapuliza. Kimya kikarefuka hadi akahisi masikio yanavuma. Akapuliza tena.

"Silali," Mama Profesa akasema. "Hata yeye akilala, silali."

Nesi akainamisha kichwa kusikiliza.

"Akilia nasikia kama analia nyumba ya pili. Najua ni wangu. Ila nasikia kwa mbali. Naogopa kumwogesha. Naangalia mikono yangu, naona kama niliiazima. Siku ya ile kofia niliambiwa nisiseme, nisicheke, nisimtikise. Nikarudi nyumbani nikaona ni afadhali. Nikaendelea hivyohivyo."

Pale kitandani, povu la Mama Kofia likapasuka kwenye pete kabla halijatoka. Alikuwa anaikumbuka sauti iliyotoa maagizo hayo. Akachovya upya.

"Huo ni ugonjwa, mwanangu," nesi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Una jina, na una dawa. Huwapata wengi baada ya kujifungua, na wengi wao ni mama wazuri. Kesho asubuhi nakupitia twende kwa daktari, mimi na wewe. Leo hulali peke yako, na mtoto si kazi ya mtu mmoja. Lakini bado nina nafasi. Niambie mengine."

Akaambiwa mengine. Hayakutoka yote, wala hayakutoka kwa mpangilio. Mengine yalikuwa madogo ya kuchekesha, mengine yalimfanya Baba Profesa aangalie chini na kukaza mkono ule aliopewa ashike. Kuna lililomhusu mama mkwe waziwazi, kuhusu kikombe cha buluu. Mama Kofia alilisikia lote. Alipuliza.

Kichupa kikaisha. Alichovya akakuta pakavu, akakigeuza, hakikudondosha kitu. Nesi hajasema aache, na nyuma yake ile sauti, iliyokuwa na kutu ya kukaa bila kutumika, bado inaendelea. Basi akainua kijiti mbele ya uso wa Profesa, akavuta pumzi, akapuliza hewa tupu kupitia ile pete.

"Mama," mkamwana akasema kutoka kwenye cherehani, "mapovu yamekwisha."

Mama Kofia akaitikia kwa kichwa kwamba anajua, akaendelea kupuliza.